Modeli Isiyogoma: Daraja la Mawe la Kasulu Linapoingia Kwenye Kompyuta

Kati ya Kasulu na Kibondo ardhi haitulii. Inapanda, inashuka, na chini ya karibu kila mteremko kuna kijito kinachotafuta njia ya kwenda Malagarasi. Masika yakishika, vijito hivyo ndivyo vinavyoamua kama maharage, mihogo na ndizi vitafika sokoni au vitaozea shambani. Kwa miaka mingi jibu la vijiji vingi lilikuwa magogo mawili matatu yaliyolazwa juu ya maji. Mafuriko yakija, magogo yanaondoka nayo. Jibu la miaka ya karibuni ni la mawe. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, ukishirikiana na shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel, umejenga mkoani Kigoma madaraja ya matao ya mawe. Vinavyohitajika ni mawe ya hapo hapo, mchanga, saruji, mafundi waashi na jukwaa la mbao la muda. Tao lenyewe halina nondo.

Tuwaze kijana wa mwaka wa 3 wa uhandisi aliyekuja Kasulu kwa mafunzo kwa vitendo. Anaonyeshwa mchoro wa daraja la namna hiyo na kuambiwa alipime kwenye kompyuta kabla msingi haujachimbwa. Anachora tao, anaweka mzigo, anabonyeza. Programu inamjibu kwa mstari mwekundu wa Kiingereza. Anabadilisha kitu kimoja, anabonyeza tena, mstari mwingine. Usiku wa manane, baada ya kubahatisha mara kumi na tano, picha inatokea: tao la rangi ya kijani na buluu. Analala akiwa na furaha.

Swali la makala haya linahusu sehemu zote mbili za usiku huo. Modeli ikigoma, ugonjwa uko wapi na unatafutwa kwa utaratibu gani? Na ikikubali, je, imepona? Hoja yangu ni kwamba tunahangaika zaidi na lile la kwanza, ilhali hatari iko kwenye la pili. Programu inayogoma imekufanyia hisani. Ya kuogopwa ni ile iliyonyamaza na kukupa rangi nzuri.

Wavu na mafundo yake

Mbinu ya kulipima daraja kwenye kompyuta, ambayo wahandisi huiita finite element analysis, FEA kwa kifupi, ina wazo jepesi. Umbo zima la daraja ni gumu mno kulikokotoa kwa mkupuo, kwa hiyo tunalifunika kwa wavu. Kila tundu la wavu ni kipande kidogo chenye tabia inayojulikana: ukikisukuma hivi, kinajibana hivi. Vipande vinashikana kwenye mafundo. Kompyuta inaandika mlinganyo kwa kila fundo, inaikusanya yote, kisha inatafuta kila fundo litasogea kiasi gani. Usogeo ukishajulikana, mkazo ndani ya kila kipande unapatikana. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha kazi iliyoiweka mbinu hii mikononi mwa waunda ndege, na mwaka 1960 Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaipa jina lake la sasa.

Anayekula dagaa wa Ziwa Tanganyika anaelewa mara moja kwa nini wavu ni jambo zito. Matundu yakiwa makubwa, dagaa wanapita na unachopata ni samaki wakubwa tu. Yakiwa madogo kupita kiasi, wavu unakuwa mzito na hauvutiki. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Mkazo unaobadilika ghafla katika eneo dogo hupenya kwenye matundu makubwa bila kuonekana. Na ukipunguza ukubwa wa tundu kwa nusu, modeli bapa inapata vipande mara 4, ya mango, yaani yenye urefu, upana na kina, inapata mara 8. Kompyuta mpakato ya mwanafunzi haichukui muda kuishiwa kumbukumbu.

Hesabu ya kwenye daftari

Kabla ya kuutazama wavu, tukae kwanza na kalamu. Tuchukue daraja la mfano: uwazi wa mita 4, kimo cha tao mita 1, unene wa tao sentimita 40. Tukadirie kwamba mawe, kifusi na tabaka la barabara kwa wastani vina kina cha mita 1.2, na kwamba kila mita ya ujazo ina uzito wa kilonewtoni 25. Tukikata ukanda wa daraja wenye upana wa mita 1, kila mita ya uwazi inabeba kilonewtoni 30. Uzito wote ni 120, na kila upande unapokea 60.

Tao, tofauti na gogo, halikandamizi chini tu. Linasukuma pia kwa mlalo, kama mtu aliyetanua miguu kwenye tope. Msukumo huo unakadiriwa hivi: mzigo wa kila mita mara mraba wa uwazi, gawanya kwa kimo mara 8. Yaani 30 mara 16 gawanya kwa 8, jibu ni kilonewtoni 60. Ukiugawanya kwa unene wa tao, mkazo wa kileleni ni kama newtoni 0.15 kwa kila milimita ya mraba. Jiwe zuri la mchanga, aina inayopatikana katika vilima hivi, huhimili makumi ya newtoni kwa eneo hilo hilo.

Mistari hii minne inatuambia mambo mawili. Kwanza, tunajua majibu ambayo modeli yoyote ya daraja hili lazima iyakaribie: 120, 60, 60, 0.15. Pili, tunajua kwamba daraja hili haliwezi kuanguka kwa sababu mawe yamesagika. Likianguka, litaanguka kwa sababu umbo limeharibika: vitako, yaani misingi ya pembeni inayopokea tao, vimeachana, au gurudumu limekaa mahali pabaya. Aliyefanya hesabu hii kabla ya kuwasha kompyuta anajua anachokitafuta.

Makosa yenye kelele

Matatizo ya modeli yanaweza kupangwa kwa sauti zake. Ya kwanza yana kelele: programu inakataa kutengeneza wavu, au inaanza kukokotoa na kusimama.

Wavu ukikataa kabisa, mara nyingi kosa liko kwenye mchoro. Michoro mingi huhamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, na safarini inapata majeraha: nyuso mbili zinazokaribia kugusana bila kugusana, ukingo wa nusu milimita uliobaki baada ya kukata, uso mwembamba kama unywele. Programu ya wavu inajaribu kuujaza kila ufa, na inashindwa. Dawa si kupunguza ukubwa wa vipande hadi wavu ukubali. Hiyo ni sawa na kumnyamazisha mgonjwa. Dawa ni kurudi kwenye mchoro, kufuta kingo zisizo na kazi, kuunganisha nyuso, na kujiuliza kama kila kilichochorwa kina sababu ya kuwepo. Kijana wetu aliyechora kila jiwe na makunyanzi yake amejitwisha kazi isiyo na malipo. Kwa tao lenye mzigo ulioenea, ukanda bapa wa mita 1 unatoa sehemu kubwa ya jibu kwa sekunde chache. Modeli ya mango ije baadaye, kwa maswali ambayo ukanda hauwezi kuyajibu: kuta za pembeni, gurudumu lililo karibu na ukingo.

Kelele ya pili ni ile ya matriki, yaani ule mkusanyiko wa milinganyo ya mafundo, isiyo na jibu. Ujumbe wake una maneno ya kutisha, lakini maana yake ni ndogo: kuna kitu kinaelea. Pengine vitako havijashikiliwa upande mmoja, na daraja zima liko huru kuteleza kama mtumbwi uliokatika kamba. Pengine kifusi kimechorwa juu ya tao bila kuunganishwa nalo, na kwa macho ya kompyuta kinaanguka milele. Kuna njia rahisi ya kumnasa mkosaji: iambie programu ikokotoe mitetemo ya asili ya modeli. Sehemu inayoelea itajitokeza yenyewe, ikisogea nzima nzima kwa mtetemo wa sifuri. Ukiitazama katika picha inayocheza, hutahitaji kubahatisha.

Makosa yenye minong'ono

Kundi la pili halisimamishi kazi. Programu inatoa onyo, au inakokota miguu, na sisi tunalipita onyo kama mtu anayepita kibao cha barabarani alichokizoea.

Onyo la vipande vilivyopinda ni mojawapo. Kipande kizuri kinakaribia mraba au pembetatu yenye pande sawa. Kikivutwa kikawa kama utepe, au kona moja ikaingia ndani, hesabu yake inapoteza usahihi. Kikijigeuza, programu inakataa. Kabla ya kuhangaika, tazama vipande vibaya viko wapi. Vikiwa katikati ya kifusi, mbali na tao, madhara ni madogo. Vikiwa pale tao linapokaa kwenye kitako, hapo ndipo mkazo unapobadilika kwa kasi, na onyo hilo ni la kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Mnong'ono mwingine ni wa kukokotoa kusikofika mwisho. Daraja la mawe lina tabia isiyo ya mstari: mawe yanasukumana lakini hayavutani. Mwanafunzi makini hulikata tao kwa viungo ishirini au thelathini vinavyoelekea katikati ya duara, na kuiambia programu kwamba kwenye kila kiungo mawe yanagusana, yanasuguana na yanaweza kuachana. Ni wazo zuri. Lakini akiweka mzigo wote kwa mara moja, kompyuta inahangaika: kiungo hiki kimefunguka, kile kimefunga, duru inayofuata ni kinyume, na baada ya masaa inakata tamaa. Chanzo huenda ni nafasi ya sehemu ya kumi ya milimita iliyobaki kwenye mchoro, ambayo macho hayaioni; kabla jiwe halijaligusa jirani yake, halina kitu cha kulishikilia.

Utaratibu unaosaidia ni wa kupanda ngazi. Kwanza gundisha viungo vyote kana kwamba tao ni jiwe moja, na uhakikishe zile namba nne za kwenye daftari zinapatikana. Kisha fungua migusano, ukiacha uzito wa daraja lenyewe uingie kidogo kidogo ili tao lijibane na mawe yashikane. Gurudumu lije mwisho. Hivyo ndivyo daraja linavyojengwa, na si ajabu kwamba modeli inakubali njia hiyo hiyo. Kila hatua ikikubali, ihifadhi kwa jina lake, ili inayofuata ikigoma ujue ni kitu gani kimoja kilichobadilika. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na kazi ikakubali, hujajifunza chochote.

Makosa ya kimya

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kundi la tatu ndilo la mshindo huo. Programu inamaliza, hakuna onyo, rangi ni nzuri, na jibu ni la uongo.

Tuanze na vizio. Programu nyingi za kukokotoa hazijui milimita wala mita. Zinapokea namba tupu. Ukichora kwa milimita na kuweka kani kwa newtoni, basi mkazo utatoka kwa newtoni kwa milimita ya mraba, densiti lazima iwe tani kwa milimita ya ujazo, na mvuto wa dunia lazima uandikwe 9,810. Jiwe la kilo 2,500 kwa mita ya ujazo linakuwa 0.0000000025. Mwanafunzi anayaandika hayo yote sawasawa, ila kwenye mvuto wa dunia mkono unaandika 9.81 kwa mazoea ya shule. Ukanda wetu wa kilonewtoni 120 sasa una uzito wa newtoni 120, chini ya ndoo moja ya lita 20 iliyojaa maji. Tao linabeba ndoo hiyo bila shida yoyote, na picha inatoka nzuri. Bila shaka hiyo ndiyo picha iliyomlaza kijana wetu kwa furaha. Kosa hili halionekani kwenye rangi, kwa sababu rangi hujipanga zenyewe kati ya namba ndogo na kubwa zilizopo. Linaonekana sehemu moja tu: jumlisha kani za wima za maegemeo, yaani mahali modeli inaposhikiliwa. Zisipofika 120, usiendelee.

La pili ni kipande kigumu kupita kiasi. Chukua ubao wa kuvukia kijito: urefu wa mita 2, upana wa milimita 200, unene wa milimita 50, na mbao ya ugumu wa newtoni 10,000 kwa milimita ya mraba. Mtu wa newtoni 700, yaani kama kilo 70, akisimama katikati, hesabu ya vitabu inasema ubao utanepa milimita 5.6, na mkazo wa juu utakuwa 4.2. Sasa ipe kompyuta ubao huo huo, ukiujaza piramidi ndogo za pande nne, zile sahili zenye mafundo kwenye kona tu, piramidi moja katika unene wote. Utanepa kidogo kuliko hapo, na tofauti inatia aibu. Piramidi sahili haiwezi kupinda. Kila moja inabaki na mkazo mmoja ndani yake, kwa hiyo ubao unakuwa kama umetengenezwa kwa kitu kigumu zaidi ya mbao. Badilisha ziwe piramidi zenye mafundo ya ziada katikati ya kingo, na 5.6 inarudi. Jaribio hili la dakika kumi linastahili kufanywa na kila anayefungua programu mpya. Linamfundisha tabia ya kifaa chake kwenye swali ambalo jibu lake analo tayari.

La tatu ni wavu wenye matundu makubwa mahali pabaya, na hapa historia ina mfano wake mkuu. Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjord karibu na Stavanger, Norwei, msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulikuwa ukizamishwa kwa makusudi ili kujaribiwa. Ukuta mmoja ulipasuka, maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na msingi wote ukaenda chini. Watu waliokolewa, hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 700. Uchunguzi ulionyesha kwamba modeli, iliyokokotolewa kwa NASTRAN, programu yenye asili yake NASA, ilikadiria kani za kukata kwenye kuta hizo pungufu kwa asilimia 47. Vipande vilikuwa vikubwa na vimepindishwa pale pale seli tatu za zege zilipokutana. Juu ya hilo, nondo za mahali hapo hazikutosha. Uchambuzi uliorudiwa kwa uangalifu baada ya ajali ulisema ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye mita 65. Programu haikuwa na kosa. Iliulizwa swali kwa wavu uliokuwa unavujisha, ikajibu.

Kinga dhidi ya hilo ni kutengeneza nyavu tatu, kila moja na matundu nusu ya iliyotangulia, na kulinganisha namba ileile. Ikitulia, wavu unatosha. Lakini kuna mtego hapa unaowanasa hata wenye bidii. Kwenye kona kali ya ndani, kama pale tao linapokutana na kitako kwa pembe isiyolainishwa, au chini ya mzigo uliowekwa juu ya fundo moja, mkazo hautulii kamwe. Kila ukipunguza matundu unapanda, na utaendelea kupanda hadi kompyuta ichoke. Hapo si wavu unaokosea. Swali lenyewe halina jibu, kwa kuwa hakuna kona kali kiasi hicho katika mawe halisi, wala gurudumu linalogusa barabara kwa nukta isiyo na upana. Lipe gurudumu eneo lake la kukanyaga, usome mkazo hatua chache kutoka kwenye kona, na usimwonyeshe msimamizi namba ya juu kabisa kwenye picha kana kwamba ndiyo hukumu.

Tao lisilojua kuvuta

Kosa la kimya lililo zito kuliko yote kwa madaraja haya haliko kwenye wavu. Liko kwenye tunachoiambia kompyuta kuhusu mawe na ardhi.

Modeli ya kawaida ya mstari inadhani tao linavuta sawasawa na linavyosukuma. Weka ekseli ya lori ya tani 10 karibu na robo ya uwazi, mahali panapolisumbua tao zaidi, na modeli hiyo itaonyesha mvuto kwenye uso wa chini chini ya gurudumu na kwenye uso wa juu upande wa pili. Mhandisi wa kwanza ataona wekundu huo na kusema daraja halifai, liongezwe nondo. Wa pili ataona mvuto ni mdogo na kusema daraja ni salama. Wote wawili wamesoma jibu la daraja lisilokuwepo. Daraja la kweli litafungua kiungo kidogo pale penye mvuto, na mstari wa msukumo, yaani njia ambayo kani hupita ndani ya tao, utahamia ndani ya mawe yaliyobaki yakigusana.

Mwanasayansi Robert Hooke aliliona hili mwaka 1675: umbo ambalo mnyororo hujipa unaponing'inia, ukiligeuza juu chini, ndilo umbo ambalo tao hupitishia msukumo wake. Mwaka 1966 Jacques Heyman wa Cambridge alilijengea nadharia kamili: ukikubali kwamba mawe hayavuti, hayasagiki na hayatelezi, tao liko salama maadamu unaweza kuchora mstari mmoja wa msukumo unaobaki ndani ya unene wake. Kwa tao letu la sentimita 40, mstari ukikaa ndani ya theluthi ya kati, yaani usipite milimita 67 kila upande wa katikati, hakuna kiungo kitakachofunguka. Ukivuka hapo, nyufa zitaonekana lakini tao bado linasimama. Ukigusa kingo mahali pa nne, kwa zamu juu na chini, bawaba nne zimepatikana na daraja linaanguka. Mwanafunzi mwenye penseli na mnyororo wa baiskeli anaweza kulijua hili kabla ya mwenye kompyuta aliyesahau kwamba jiwe halivuti.

Kisha kuna udongo. Katika modeli tunapenda kushikilia vitako visisogee hata kidogo, kwa kuwa ni kubonyeza mara moja tu. Kule kwenye bonde, kitako kimekaa juu ya udongo mwekundu ulioshiba maji ya masika, na kinasukumwa na kilonewtoni 60 kwa kila mita ya upana, mchana na usiku, hata kama hakuna gari linalopita. Kikisogea milimita chache, kilele cha tao kinashuka na nyufa tatu zinatokea: moja chini ya kilele, mbili upande wa juu karibu na vitako. Modeli yenye maegemeo magumu haiwezi kuziona. Jaribio lake ni jepesi na wachache hulifanya: sogeza egemeo moja milimita 5 kwa makusudi, kokotoa tena, utazame mstari wa msukumo umekimbilia wapi. Anayepanga daraja kwenye bonde la aina hii atajifunza mengi kutokana na hizo milimita 5 kuliko kutokana na wavu wa vipande milioni.

Nani anakagua?

Zamani kisingizio kilikuwa bei. Leo FreeCAD inachora, Gmsh inatengeneza wavu na CalculiX inakokotoa, zote bila malipo na kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Gmsh yenyewe ni kazi ya Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle, wahandisi wa Ubelgiji, nchi ile ile iliyoshirikiana na Kigoma kwenye matao ya mawe. Kwa wanaotaka kupanda juu zaidi, Shirika la Umeme la Ufaransa, EDF, liliifungulia dunia programu yake ya Code_Aster mwaka 2001. Upatikanaji huu ni neema, lakini umeongeza idadi ya picha za rangi kuliko idadi ya watu wanaoweza kuzitilia shaka.

Wapo watakaosema kwamba kwa daraja la mita 4 kompyuta haihitajiki kabisa. Vipimo vya kawaida vya miongozo vinatosha. Kwa tao dogo lenye ardhi nzuri, wako sahihi, na nisingependa kijana apoteze wiki kuthibitisha kinachojulikana. Lakini uwazi ukikua, matao yakiwa mawili au matatu juu ya nguzo moja, daraja likikaa kwa mshazari na mto, au kitako kimoja kikiwa kwenye mwamba na kingine kwenye udongo, mwongozo unaishiwa maneno. Hapo modeli ina kazi. Na kwa kuwa ina kazi, inahitaji mkaguzi.

Mkaguzi mmoja ni mhandisi aliyesajiliwa, ambaye sahihi yake ndiyo inayobeba lawama. Asiulize picha. Aulize jumla ya kani za maegemeo, nyavu tatu na namba zake, na hesabu ya mkono iliyofanywa kabla. Kurasa mbili zinatosha, na asiyeweza kuzitoa hajamaliza kazi hata kama modeli yake imekubali.

Mkaguzi wa pili huwa hatumuulizi, na yuko pale pale kwenye mawe. Jumbe za makosa huja kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi huzinakili na kuzitafutia tiba bila kuzisoma, kama mtu anayebeba cheti cha daktari hadi duka la dawa. Jaribu badala yake kumweleza fundi mwashi modeli yako kwa Kiswahili.

"Hapa nimeshikilia kitako kisisogee, fundi."

"Umekishikilia na nini, injinia?"

Hilo ndilo swali ambalo programu haikuuliza. Fundi hajui matriki, lakini anajua kitako alichokijenga kimeegemea udongo gani, na anajua ni wapi maji ya mwaka jana yalichimba. Ukishindwa kumjibu, umegundua kosa la kimya bila gharama yoyote.

Yeye pia ndiye mwenye jaribio la mwisho. Tao likishakomaa, jukwaa la mbao linalegezwa taratibu, kabari kwa kabari, na kwa mara ya kwanza mawe yanajibeba. Kilele kinashuka kidogo. Kila tao hushuka. Kabla ya kulegeza, uzi umefungwa kutoka kitako hadi kitako na alama imewekwa kwenye jiwe la kileleni. Baada ya kabari ya mwisho, mtu anapiga magoti na rula, anasoma milimita kati ya uzi na alama, anaiandika kwenye daftari pembeni ya namba ambayo modeli ilikuwa imetabiri. Kama namba hizo mbili hazifanani, usiku huo kijana wetu ana kazi ya kufanya, na safari hii anajua pa kuanzia.